Wiki ya maji mafu Orkney

Jumapili, Scrabster hadi Stromness

Kivuko kimetoka Scrabster, ncha ya kaskazini ya Scotland bara, kwenye jua la mwisho wa Juni na upepo wa kutosha kumfukuza mtu deki ya juu. Kuvuka Pentland Firth hadi Stromness ni dakika 90 tu, lakini maji haya hayana mazoea na mtu. Atlantiki na Bahari ya Kaskazini hazijai kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukiwa umejaa, wa pili bado unapwa, na maji yanayotaka kusawazisha tofauti hiyo hayana njia ila kupita kwenye mlango mwembamba kati ya bara na visiwa vya Orkney. Panapobana zaidi mkondo hupita mita 5 kwa sekunde. Chombo cha tanga hapo hakina la kufanya ila kwenda maji yanakotaka.

Mashariki mwa njia yetu, kati ya kisiwa cha Stroma na bara, kuna mitambo minne ya kuzalisha umeme kwa mkondo, ya mradi wa MeyGen, kila mmoja wa megawati 1.5, imesimama juu ya sakafu ya bahari. Abiria hawaoni kitu. Hilo linawafurahisha wenye mradi, na ndilo linalotutesa sisi wapimaji.

Kwa asiyeijua kazi yangu: mimi ni mwanasayansi wa bahari, upande wa fizikia. Nilianza na joto na chumvi ya maji, kisha mikondo, kisha wahandisi wa nishati wakaanza kutafuta watu wa kuwaambia maji yanakwenda kwa kasi gani, wapi na saa ngapi. Nyuma yao wakaja watoa vibali, wao wakitaka kujua mtambo umewafanya nini viumbe wanaoishi ndani ya maji hayo. Ni maswali mawili tofauti kabisa, na mara nyingi bosi anayelipia majibu yote mawili ni mmoja, yaani mwenye mtambo. Hapo ndipo kazi inapokuwa na utamu na uchungu wake.

Safari hii nimefuatana na kijana wa kike anayesoma shahada ya uzamili ya nishati ya bahari hapa hapa Stromness. Naye ni Mswahili mwenzangu, kwa hiyo tukiwa kazini tunasemezana kwa lugha yetu, na mabaharia wameshaamini kwamba tunawateta. Mara nyingine ni kweli.

Tumepita chini ya Old Man of Hoy, nguzo ya mwamba ya mita 137 iliyojitenga na kisiwa chake. Kijana amepiga picha nyingi. Mimi nilikuwa natazama povu miguuni mwake, maana mawimbi ya magharibi yalikuwa marefu kuliko utabiri ulivyosema.

Jumatatu, Stromness

Siku nzima ya karakana. Kesho tunakwenda Fall of Warness, magharibi mwa kisiwa cha Eday, kutoa fremu iliyokaa chini ya bahari tangu mwisho wa Aprili na kuweka nyingine. Pale ndipo kituo cha majaribio cha EMEC, kilichoanzishwa mwaka 2003, kinapojaribia mitambo ya mkondo. Nyaya za umeme zimekwishalazwa hadi nchi kavu, kwa hiyo kampuni inaleta mtambo, inauchomeka, na bahari inatoa hukumu.

Ndani ya fremu kuna kifaa tunachokiita ADCP. Kinatuma milio ya sauti kuelekea juu kwa pembe, mlio unagonga chembe ndogo zinazoelea majini na kurudi. Chembe zikiwa zinakuja, mlio unarudi mwembamba zaidi. Zikiwa zinakwenda, unarudi mzito zaidi. Kutoka tofauti hiyo tunapata kasi ya maji, tabaka kwa tabaka, kutoka karibu na sakafu hadi karibu na uso. Nasema karibu, maana tabaka la juu kabisa halisomeki vizuri: mwangwi wa uso wa maji unapotea njia na kuingia kwenye kipimo. Kwa kifaa chenye pembe ya nyuzi 20, asilimia kama 6 ya kina unaisamehe tu.

Kijana aliuliza kwa nini tunahangaika na usahihi wa sentimita kwa sekunde. "Dada, si tunajua tu kwamba hapa maji yana kasi?" Nikampa karatasi apige hesabu mwenyewe. Nguvu iliyomo kwenye maji yanayokwenda haipandi sambamba na kasi, inapanda na kasi kwa kipeo cha tatu. Maji ya mita 1 kwa sekunde yanabeba kama nusu kilowati katika kila mita ya mraba. Ya mita 2 yanabeba kilowati 4. Ya mita 4, ambayo Fall of Warness huyakaribia siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yanabeba karibu kilowati 33. Sasa ukikadiria kasi zaidi ya ukweli kwa asilimia 10, umeahidi nguvu zaidi kwa asilimia 33. Kuna miradi inayoweza kufa kwa asilimia kama hizo, tena bila dhoruba.

Mchana tulifungua kifaa tutakachoshusha. Hii ni sehemu ambayo simwachii mtu. Silinda inazibwa na pete ya mpira, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na unywele mmoja ukilala juu yake, maji yatapata njia. Unaitoa pete, unaipitisha kati ya vidole viwili taratibu ukitafuta mkwaruzo, unasafisha mfereji wake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, unaipaka grisi kidogo tu, unairudisha. Kisha unapima volti za betri, unalinganisha saa ya kifaa na saa ya setilaiti, unasawazisha dira huku kifaa kikiwa kimekaa kwenye fremu yake, si mezani, maana chuma chochote cha karibu kinaivuta. Ndiyo sababu fremu yetu ni ya alumini na uzito wake ni vipande vya madini ya risasi.

Mwisho, macho ya kifaa, yale yanayotoa sauti, tukayapaka krimu ya zinki oksaidi. Ni ile ile wanayopakwa watoto wachanga wakibabuka. Imewahi kuzuia uchafu wa bahari kuliko rangi kadhaa za bei kubwa nilizowahi kupewa kujaribu.

Jumanne, Billia Croo

Upepo umepanda, nahodha amesema hatoki. Hakuna aliyembishia.

Tukapanda gari hadi Billia Croo, pwani ya magharibi, kituo cha majaribio ya mawimbi. Kutoka pale hadi Amerika ya Kaskazini hakuna kitu ila maji, na mawimbi yanafika yakiwa yameshiba. Wimbi la kawaida ni mita 2 hadi 3, lakini yamewahi kupimwa mawimbi ya zaidi ya mita 17. Nilimwambia kijana akae atazame mawimbi machache yakivunjika, kisha anieleze angejenga nini cha kusimama pale miaka 20. Alikaa kimya muda mrefu, na jibu hilo naliheshimu.

Mwaka 2004 mtambo wa Pelamis, mrefu kama joka la mabomba mekundu, ulipeleka umeme wa mawimbi kwenye gridi ya Uingereza kutoka hapa, wa kwanza wa aina yake kutoka bahari ya wazi. Miaka kumi baadaye kampuni ikaingia mikononi mwa wafilisi. Mwaka 2015 ikafuata Aquamarine Power na mtambo wake wa Oyster. Serikali ya Scotland iliunda Wave Energy Scotland mwishoni mwa 2014, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuyaokoa maarifa ya Pelamis yasizame na kampuni. Niliona huo ni uamuzi wa busara kuliko ruzuku nyingi. Kampuni ya nishati ya bahari ikifa, mimi huuliza jambo moja kwanza: vipimo vyake viko wapi?

Na yeyote anayetaka kuingia kazi hii alijue hilo mapema. Ajira ni za mikataba, kampuni zinazaliwa na kufa, na utakachohama nacho ni uwezo wa kupima na kuchambua. Somo la bahari utalipata chuoni. Takwimu na kuandika programu za kompyuta usivikwepe, kwa sababu mtu asiyejua kuchambua vipimo vyake mwenyewe atabaki kubeba masanduku. Utahitaji pia cheti cha afya cha baharini na mafunzo ya kujiokoa, yale ya kurukia bwawani na suti nzito, kupindua boti ya mpira iliyogeuka, na kumvuta mwenzako ambaye ameambiwa asikusaidie.

Hapa hapa, kati ya 2018 na 2020, Microsoft walizamisha silinda iliyojaa kompyuta 864 kuona kama kituo cha data kinaweza kuishi chini ya bahari. Ilipotolewa ilikuwa imevaa mwani na viumbe vya kila namna kwa nje, ndani kukavu. Naomba siku moja wanieleze walitumia krimu gani.

Jumatano, Fall of Warness

Tumeondoka Kirkwall alfajiri, bahari imetulia. Tumeichagua wiki hii kwa ajili ya mwezi, si kwa ajili yetu. Siku za bamvua, jua na mwezi vikivuta pamoja, maji ya Fall of Warness yanasimama dakika chache tu kabla ya kugeuka. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mivuto inapingana, mkondo unapungua na maji yanasimama kwa muda wa kufanya kazi ya maana. Ukiikosa wiki, unangoja nusu mwezi, na chombo kinalipwa kila siku kikitembea au kikilala.

Maji yalitarajiwa kusimama saa 3:40 asubuhi. Tulifika mapema tukaona bado yanakimbia kati ya Eday na kisiwa kidogo cha Muckle Green Holm. Uso wa maji ulikuwa na duara laini zinazochipuka na kufutika, kama mafuta yanayochemka, na chombo kikiyumba kushoto kulia bila wimbi lolote. Kando kidogo ulionekana mtambo wa O2 wa kampuni ya Orbital: mwili wa njano wa mita 74 unaoelea, umefungwa kwa nanga, na mikono miwili inayoshusha rota, yaani mapanga yanayozungushwa na maji, za mita 20 kila moja. Ulianza kutoa umeme hapa mwaka 2021, megawati 2. Mikono ikiinuliwa, mafundi wanafika rota kwa boti ndogo. Kwa mtu aliyewahi kulipa kodi ya meli yenye kreni kubwa, hilo peke yake ni sababu ya kuupenda.

Nahodha wetu alikuwa mvuvi wa kaa kabla ya kuwahudumia watu wa nishati. Alinionyesha kwa kidole mahali ambapo maji hugeuka mapema kuliko kwingine, nyuma ya ncha ya kisiwa, na mahali pa kisulisuli cha maji kinachotembea. Kisulisuli hicho nilikitafuta kwenye modeli ya kompyuta jioni. Kipo, ila mita mia kadhaa pembeni ya alikosema yeye. Namwamini yeye.

Kuitoa fremu kunakwenda hivi. Unashusha kipaza sauti majini ubavuni mwa chombo na kutuma msimbo wa milio. Kifaa kilichoko chini, kama kiko hai, kinajibu, na kutokana na muda wa jibu unajua umbali. Kilijibu mara ya kwanza: mita 41. Kijana alishika mkono wangu bila kujijua. Ukatumwa msimbo wa pili, wa kufungua kufuli. Baada ya hapo ni kungoja boya lipande na kamba yake.

Halikupanda.

Dakika 4, dakika 6. Umbali bado mita 41, maana yake kufuli limefunguka au halijafunguka, na hatuna namna ya kujua lipi. Nahodha alisema bila kupaza sauti, "Unazo dakika kumi na tano." Tukatuma tena. Mabaharia walikuwa wamekwishaanza kuandaa roboti ndogo ya kamera ya kuzamisha, na mimi nikihesabu kimoyomoyo kama muda unairuhusu, pale mmoja wao alipopiga ukelele akionyesha nyuma ya chombo. Boya la njano, limevaa mkia wa mwani wa zaidi ya mita moja. Mwani ndio uliokuwa umelishika.

Kamba ikaingia kwenye winchi, fremu ikatoka majini ikimwaga maji na kaa wadogo. Zinki za kinga, zile zinazoachwa zilike badala ya fremu, zilikuwa zimelika hadi kubaki vipande. Miguu yote imefunikwa na vile viganda vigumu vinavyong'ang'ania matumbo ya vyombo. Macho ya kifaa, safi. Nilitabasamu peke yangu.

Tulipogeuza kwenda Kirkwall maji yalikuwa yameshaanza kukimbia upande wa pili.

Alhamisi, Fall of Warness tena

Maji yalisimama saa 4:50, zaidi ya saa moja baada ya jana, kwa kuwa siku za maji mafu mabadiliko huchelewa kuliko kawaida. Fremu mpya imeshuka, imekaa wima, imejibu. Hakuna la kusimulia, na katika kazi hii siku kama hiyo ni ya kushukuru.

Usiku tulifungua vipimo vya ile ya zamani. Saa 4 usiku nje bado kuna mwanga, unasahau kulala. Jambo la kwanza ninaloangalia si kasi. Naangalia mwinamo na dira ya kifaa chenyewe, kwa sababu vikibadilika, kila kitu kingine kinabadilika maana. Na kweli: hadi katikati ya Mei fremu ilikuwa imeinama nyuzi 2. Usiku mmoja wa dhoruba, ndani ya saa tatu, ikafika nyuzi 7 na kujizungusha karibu nyuzi 40. Mawimbi ya Atlantiki yalikutana na mkondo unaokuja upande wa pili, na kwa pamoja yakaisukuma fremu ya nusu tani juu ya mwamba mtupu.

Kijana aliuliza kama tumepoteza kazi. Hapana. Kifaa kinajua kimeinama kiasi gani na hesabu inarekebisha. Lakini sitaviunganisha vipande viwili na kuvipitisha kama kimoja. Kabla ya dhoruba ni rekodi moja, baada yake ni nyingine. Ya pili ina zaidi ya siku 30, inatosha kutenganisha mvuto wa mwezi, unaorudi kila saa 12 na dakika 25, na wa jua, unaorudi kila saa 12. Mivuto hiyo miwili ikipishana na kukutana ndiyo inayotupa bamvua na maji mafu kila siku kama 15. Ukishaipata, unaweza kuandika ratiba ya umeme wa miaka ijayo. Upepo na jua havikupi hilo. Orkney, ambayo kwa mwaka huzalisha umeme wa vyanzo safi zaidi ya unaotumika visiwani, inalijua tatizo la umeme unaokuja wakati haukuhitajika.

Ijumaa, kusikiliza

Kupima sauti chini ya maji yenye kasi kuna mtego wake. Ukiifunga hidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, mahali pamoja, maji yanapita juu yake yakivuma, na utarudi nyumbani na rekodi nzuri ya kuvuma kwa maji juu ya hidrofoni. Ndiyo maana sisi tunaiachia. Hidrofoni inaning'inia chini ya boya lenye kipokezi cha setilaiti, vyote vinakwenda na mkondo kwa kasi ile ile, na kelele hiyo inanyamaza. Tunaliachia kabla ya mtambo, upande maji yanakotoka, linapita, boti inalifuata mbali na injini imezimwa, tunalichukua upande maji yanakokwenda, tunarudia.

Asubuhi nzima hivyo. Tulisikia mtambo: mnguruko wa chini, juu yake mlio mwembamba wa giaboksi. Tulisikia kivuko kikipita mbali sana, kikubwa kuliko mtambo. Na kwenye skrini, kwa sauti tusizozisikia kwa masikio, karibu na kilohezi 130, ikaja mifululizo ya alama nyembamba. Ni wale pomboo wadogo wa bahari baridi, wasiozidi mita mbili, wanaotafuta samaki kwa milio ambayo sikio la mtu halifiki hata robo yake. Kijana aliisogeza rekodi mbele na nyuma mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Sasa suala lenyewe. Watu wote, kuanzia mtoa kibali hadi mvuvi, wanauliza: rota inawapiga wanyama? Na ni vigumu mno kuthibitisha kwamba jambo halitokei. Kamera inataka mwanga na maji maangavu. Sona, inayotafuta vitu kwa mwangwi wa sauti, inaona gizani, lakini mapovu na misukosuko ya maji yanaonekana humo kama sili, yule mamalia wa pwani za baridi, na sili kama mapovu. Mkutano wenyewe, kama upo, ni wa nadra, hivyo unaweza kutazama mwaka mzima na usijue kama hukuona kwa sababu hakuna au kwa sababu ulitazama kwingine.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi ni SeaGen, mtambo wa megawati 1.2 uliowekwa Strangford Lough, Ireland ya Kaskazini, mwaka 2008. Kibali kilidai ufuatiliaji mkali. Sona na watu walikuwa wakitazama, na mamalia wa baharini akikaribia, rota zinasimamishwa. Ripoti za mwisho hazikukuta madhara makubwa kwa sili wa pale. Vizuri. Lakini mtambo unaosimama kila mnyama anapokuja hauwezi kukuambia mnyama angefanya nini kama usingesimama. Tahadhari ile ile iliyowalinda sili ilifunga mlango wa jibu.

MeyGen walikwenda njia nyingine: hidrofoni 12 zilizofungwa kwenye kitako cha mtambo mmoja, zikifuata milio ya pomboo kwa umbali wa mita. Zilionyesha kwamba rota ikizunguka, pomboo wanaikwepa. Huo ni ushahidi wa kitu walichofanya, na una thamani kuliko magunia ya "hatukuona".

Halafu kuna vipimo vya awali. Orkney ilikuwa na maelfu ya sili wadogo wenye madoadoa. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wamepungua kwa zaidi ya robo tatu. Mtambo wa kwanza wa mkondo ulishushwa Eday mwaka 2006, kupungua kukiwa kumeshaanza miaka mingi nyuma. Kama sili wasingekuwa wamehesabiwa kutoka angani kabla, leo mtu yeyote angechora mistari miwili kwenye karatasi moja na kuulaumu mtambo, nasi tusingekuwa na la kujibu. Na kinyume chake ni kweli pia: kwa kundi lililopungua namna hiyo, hata vifo vichache vina uzito, kwa hiyo asije mtu kuniambia tusihangaike.

Jumamosi, Eday

Tumepanda kilima cha Eday na darubini, mahali ambapo kwa miaka mingi watazamaji walikuwa wakihesabu ndege na sili wakati wa majaribio. Kisiwa kina uwanja wa ndege unaoitwa London Airport, kwa kuwa upo kwenye ghuba ya jina hilo. Ni njia ya kurukia na kibanda.

Kijana alitaka kujua kwa nini tusijenge tu bwawa, kama Wafaransa. La Rance, Brittany, ni megawati 240 tangu 1966, na bado linafanya kazi. Nikamweleza bei iliyolipwa: ili walijenge, mlango wa mto ulizibwa miaka mitatu, maji ya chumvi yakakosa kuingia na kutoka, viumbe vikafa karibu vyote, na ilichukua kama miaka kumi uhai kurudi, tena ukiwa na sura nyingine. Wakati ule hakuna aliyelazimika kuuliza kwanza. Leo tunauliza hadi tunachosha watu, na mimi nimekubali kuwachosha.

Jumapili, Stromness

Mteja, mwenye mtambo tuliousikiliza Ijumaa, amepiga simu kabla ya chai. Anahitaji aya moja kwa ajili ya mkutano wake wa Jumanne, na alikuwa ameshaniandikia: "Ufuatiliaji umethibitisha kuwa mtambo hauna athari kwa mamalia wa baharini." Ni mtu mwema, ana wakopeshaji mlangoni, na hajasema uongo wowote anaoujua.

Nimeifuta. Nilichompelekea kinasema tulisikiliza saa ngapi, katika kasi zipi za maji, kwa umbali gani mlio wa pomboo unaweza kusikika juu ya kelele ya siku hiyo, na kwamba ndani ya mipaka hiyo tulipata pomboo karibu na mtambo na hatukupata ishara ya mgongano. Siku za bamvua, mkondo ukiwa na nguvu zaidi na rota ikifanya kazi zaidi, hatujasikiliza. Nimeiweka sentensi hiyo ya mwisho kwenye aya yenyewe, si chini ya jedwali.

Kijana alisoma juu ya bega langu. "Dada, hatakulipa."

"Atalipa. Hii ndiyo atakayoweza kuitetea mbele ya mtoa kibali."

Saa moja baadaye jibu limekuja: anaomba tujadili, na anauliza bamvua ijayo ni lini na boti itagharimu kiasi gani. Nimemtumia nahodha ujumbe aangalie ratiba yake ya wiki ijayo.